Sijambo ya Bi Mashavu

Hadithi ninayo, jibu sina. Sogeeni mnisaidie.

Mwaka ule wa barakoa, jirani yangu Bi Mashavu alikuwa na watu watatu waliompenda. Binti yake Sikudhani alijua kufundisha mashine. Mwanawe Mbaruku alikuwa na sikio la kusikia hata kisichosemwa. Mtalaka wake Shekue alikuwa na ulimi wa kuchokoza. Sababu ya kuachana kwao naijua, ila leo tuiache.

Sikudhani alikuwa akifanya kazi hospitali, miezi miwili harudi nyumbani asije akamwambukiza mama. Huko aliifundisha mashine ya akili mnemba iwapigie wazee simu kila asubuhi, iwaulize hali, na ikisikia kikohozi itambue kama ni cha ugonjwa ule.

“Hujambo, bibi?”

“Sijambo.”

Mashine ikaandika: mzima. Siku tatu hivyo hivyo. Nani kati yetu aliyewahi kujibu vingine, hata kaburi likimwita?

Mbaruku, aliyekuwa akimletea mama uji dirishani, akasikia. “Sijambo yako leo fupi, mama. Siku zote unaongeza ‘sijui wewe.’”

“Niache, nimechoka.”

“Basi ikoholee mashine.”

“Nikohoe simuni kama sina adabu?”

Mbaruku akamfuata Shekue, ambaye miaka kumi na moja hakuwa amekanyaga mtaa ule. Mashine ikiwa hewani, Shekue akasimama nje ya dirisha. “Mashavu, bado unaunguza wali?”

“Wali wangu uliula ukalamba na sahani, mlafi we…” Kikohozi kikamkata.

Mashine ikakitambua papo hapo, ikaita gari. Daktari alisema, wangengoja hadi jioni wasingemuwahi.

Wiki ya tatu hospitali ikatoa kibali cha kumwona: mtu mmoja tu, robo saa. Watatu wakasimama getini. Na mimi nilikuwepo, sikosi.

“Ukuta mmoja tu unanitenga naye,” alisema Sikudhani, “na sijamshika mkono.”

“Mimi nimezungumza na dirisha hadi nimelizoea,” alisema Mbaruku.

Shekue alikumbatia hotipoti, na harufu ilinifikia: wali, tena umeungua.

Bila mashine, kikohozi kingekuwa kikohozi tu. Bila sikio, sijambo ingebaki sijambo. Bila uchokozi, mama angekufa na adabu zake.

Haya, kibali ni kimoja. Wewe ungempa nani? Na asiniambie mtu “wote sawa.” Hiyo nayo ni sijambo.