Kinywacho Maji Hakitoi Moshi

Kinywacho maji hakitoi moshi. Ndivyo nilivyomjibu asubuhi yule kijana aliyetuonyesha kwenye simu yake taa isiyotaka umeme, wala jua, wala betri, nanyi wajukuu zangu mkanitazama kana kwamba nimemtukana mgeni. Sikumtukana. Hiyo ni methali ya hapa hapa Kisanzala, na ilianza hivi.

Zamani hizo kijiji kizima kilikuwa na mashine moja ya kusaga, ya dizeli, na mwendeshaji wake alikuwa Nyamizi, mjane aliyerithi kazi hiyo kwa mumewe pamoja na spana tatu. Jamani, siku zile! Ukisikia tu-tu-tu-tu asubuhi unajitwika debe lako la mtama, unakwenda kupanga foleni. Nani kaposwa, nani kaachika, nani kajifungua mapacha, yote yalisagwa pale. Hizi mashine zenu za umeme zinasaga vizuri, sikatai, lakini mlio ule naukumbuka mpaka moyo unaniuma.

Nyamizi hakusoma sana, ila moshi aliujua. Ukiwa mweusi, mzigo umezidi. Ukiwa wa buluu, injini inakula oili. Kila alipowasha, kabla hajapokea debe la mtu, aliweka kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba la moshi, kisha akakinusa. Mumewe alimfundisha hivyo, naye hakuacha hata siku moja.

Basi mwaka mmoja dizeli ikaadimika. Mashine ikanyamaza wiki tatu, wanawake wakarudi kwenye mawe ya kusagia. Viganja vya Nyamizi vikachubuka kama vya wenzake, na kimya cha kile kibanda kikamkosesha raha.

Ndipo akaja Maziku, mtoto wa Bi Kabula, mama mmoja wa hapa hapa kijijini; Maziku huyo alikuwa anagombea udiwani. Alikuja na lori, na juu ya lori injini mpya iliyopakwa rangi ya kijani, na bwana mmoja wa mjini aliyeitwa Injinia. Injini hiyo, walituambia, inatumia maji matupu. Wenye mafuta duniani wameificha miaka yote ili wanyonge tuendelee kuteseka. Tutaachiwa injini hiyo leo hii, ila ile kuukuu ya dizeli ipakiwe lorini iende zake, maana kijiji hakina haja nayo tena.

Bi Kabula akapewa heshima ya kumimina ndoo ya maji. Injinia akazungusha mpini wa kuwashia, injini ikanguruma, watu wakapiga vigelegele. Nyamizi alilia. Nawaambieni alilia kwa furaha, kwani hakuna mtu pale aliyetamani jambo lile liwe kweli kama yeye.

Akiwa bado anafuta machozi, mkono ukafuata mazoea yake. Akaweka kitambaa kwenye bomba, akanusa, na furaha yote ikamwisha. Akageuka, akaona vijana wa Maziku wanaifungua mashine yake. Nati mbili zilikwisha kutoka, zilibaki mbili. Ikiondoka hiyo na ile ya kijani ikazimika kesho, Kisanzala itabaki na mawe tu.

"Hebu acheni spana kwanza!" akapaza sauti.

"Kuna nini tena, dada Nyamizi?" Maziku akauliza.

"Yale maji yameingia wapi?"

"Kwenye injini. Si watu wote wameona?"

"Yameingia kwenye pipa la kupoza. Hata hii yangu naipa ndoo mbili kila siku isichemke, na sijawahi kusema inayanywa. Tazama kitambaa, kina masizi na kinanuka dizeli."

Injinia akacheka. "Mama, huo ni moshi wa maji. Maji yakiungua hutoa moshi. Ni elimu ya juu kidogo."

Watu wakaanza kumzomea Nyamizi. "Mwache mtaalamu!" "Anaogopa kukosa kazi huyo!" Maneno hayo yalimchoma, maana waliyasema wanawake aliowasagia miaka kumi. Alimwendea Bi Kabula, akampa kitambaa kwa mikono miwili.

"Mama, wewe umechemsha maji tangu huyu bwana hajazaliwa. Nusa."

Bi Kabula akanusa. Akapitisha kidole kwenye masizi, akakitazama, kisha akamtazama mwanawe.

"Maziku mwanangu, nimekupikia uji miaka yote. Sufuria la maji lilinitoa jasho, lilinichoma vidole, lakini mvuke wake haukuwahi kunipaka masizi. Kinywacho maji hakitoi moshi."

"Mama, watu wanasikia."

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Maziku akamwangalia Injinia, Injinia akaliangalia lori. Basi Maziku akapiga magoti mwenyewe, akapapasa chini ya injini ya kijani, akafungua kifuniko kilichopakwa rangi ile ile. Ndani mlikuwa na tangi la dizeli. Mimi naamini hakujua. Alitaka sana kutuletea kitu, na mwenye kutaka sana hakagui.

Alichukua spana, akazirudisha zile nati mbili kwa mkono wake. Dizeli ile iliyofichwa ikamiminwa kwenye mashine ya Nyamizi, na mchana ule tu-tu-tu ikasikika tena Kisanzala. Debe la kwanza lilikuwa la Bi Kabula. Alisonga ugali, akamwita mwanawe, akala naye sinia moja.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, akija mtu na jambo mlilolililia miaka mingi, msimfukuze. Mpeni kiti, mpeni maji. Kisha zungukeni nyuma mkanuse, na mnuse kwa bidii zaidi pale mnapotamani sana liwe kweli. Kinywacho maji hakitoi moshi.