Unyayo wa Kijani

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema na watu, ni zamani ya juzi tu ya watu kusema na simu, kule Pemba alikuwapo mwanamke jina lake Mize. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na atakayesinzia asije akaniambia hakusikia.

Mize alikuwa na dada, Kazija, na Kazija alifariki. Hakuacha mtoto, hakuacha nyumba, hakuacha hata picha. Kila aliyezaa kijijini alikuwa na majina yake tayari, ya mabibi na mashangazi, na jina la Kazija halikumwangukia mtoto yeyote. Mize alikuwa akiliita peke yake jikoni, huku anapepeta mchele, ili lisipotee. Jambo hilo lilimuuma sana.

Mchana mmoja Mize alijilaza ukumbini, usingizi ukampitia. Akamwona Kazija anakuja kwenye njia ya mchanga mweupe, mkeka begani, hana haraka. Kazija akautandika ule mkeka. Juu yake nyayo nyekundu za ndege zilikuwa zinatembea: zinapanda, zinapinda, zinakwenda. Zikafika katikati, na muadhini akaadhini alasiri. Mize akazinduka. Nusu ya pili hakuiona.

Akaenda mbio kwa jirani yake Bi Mboja, msusi wa mikeka ambaye vidole vyake havijui kukaa bure. Akamsimulia yote. Bi Mboja akasikiliza amefumba macho, kama mtu anayeonjeshwa mchuzi.

"Na huko mwisho, ndege wanakwenda wapi?"

"Sijui, Bi Mboja. Niliamshwa."

"Basi nitawapeleka mimi."

Akachemsha rangi, akachovya majani ya ukindu, akasuka. Miezi mitatu anasuka ukili, vile vipande virefu vyembamba vya mkeka, anashona ukili kwa ukili. Pale ndoto ilipokatika, akawapindisha ndege wakarudi walikotoka kwa njia nyingine. Ukabaki unyayo mmoja tu, ukindu mwekundu ukamwishia. Akausuka kwa kijani, akaguna, akauacha hivyo hivyo.

Wa tatu ni Raya, fundi simu, mwanamke wa kukaa dirishani na bisibisi zake ndogo siku nzima. Aliuona mkeka huo umetandikwa kwa Mize. Alikuja siku ya kwanza na simu yake, mwanga haukumridhisha. Akaja siku ya pili, haukumridhisha. Siku ya tatu jua la asubuhi likaingia dirishani, likapita juu ya nyayo zile polepole, na ule wa kijani ukawa kama unataka kunyanyuka. Akapiga picha. Akaandika jina lake kwenye kona kwa herufi ndogo, akaiweka mtandaoni. Hakumuuliza mtu.

Picha ikasafiri. Watu wasiojuana wakaipenda, wakapelekeana. "Huyu mmoja kakanyaga majani," mtu akaandika, na maelfu wakacheka naye. Masika yakaja, Mize yuko mjini Chake anauguza mgonjwa, paa lake likavuja. Aliporudi mkeka ulikwisha oza, akautupa huku analia. Ikabaki picha.

Mwaka wa pili ikaingia dukani mikeka ya plastiki kutoka ng'ambo. Mize akakunjua mmoja, akakaa chini palepale dukani. Nyayo nyekundu: zinapanda, zinapinda, zinakwenda, zinarudi. Na mmoja wa kijani.

Raya akawaandikia wenye kiwanda, akawapelekea picha na tarehe yake na jina kwenye kona. Wakajibu kwa adabu. Ni kweli, tumechukua. Kila mkeka tutakaoutoa sasa, kwenye upindo, tutaandika jina la mwenye nakshi. Lakini upindo ni mwembamba, linaenea jina moja tu. Liandikeni kwenye kisanduku kilicho chini ya ujumbe huu kabla ya magharibi ya siku ya saba. Ikipita, tutaandika jina la kiwanda.

Kijiji kikagawanyika, na kila mtu akawa hakimu. Mwenye duka akasema kilichoko mtandaoni ni cha wote kama maji ya mvua. Mwalimu akasema picha ni ya aliyeipiga, na ndoto haina hati. Mjuaji mmoja akasema siku hizi kompyuta ingechora yenyewe, tena vizuri zaidi.

"Hiyo kompyuta yako," Bi Mboja akamuuliza, "imewahi kuishiwa na ukindu?"

Mjuaji akaomba chai.

Siku ya saba ikafika. Wanawake watatu wakakutana ukumbini kwa Mize.

Mize akasema: "Bila mimi hakuna ndege hata mmoja. Na jina langu silitaki, nataka liandikwe la Kazija. Yeye ndiye aliyeubeba mkeka begani. Hana mtoto wa kuitwa kwa jina lake, hana kitu. Waacheni watu huko waliko wamtaje."

Bi Mboja akasema: "Bila mimi ndoto yako ingekwisha kwa adhana, kama zangu zote. Nusu nzima nimeitoa kichwani mwangu. Na huo unyayo wanaouchekea ni kosa langu mimi, si la mwingine. Miaka arobaini nasuka, Mize. Watu wanazaliwa juu ya mikeka yangu, wanafia juu yake, na hakuna aliyewahi kuuliza kaisuka nani."

Raya akasema: "Bila mimi mkeka umeoza, basi. Walichoiga si mkeka, ni picha yangu. Sikuwauliza, dada zangu, na kwa hilo niwieni radhi. Lakini lile jina la kwenye kona mnaloninunia, ndilo lililowafanya wakiri."

Wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe Bi Mboja akamsukumia Mize simu. "Andika wewe. Utakaloandika nitalikubali. Lakini sitalisahau." Raya akaitikia kwa kichwa, wakatoka, wakasema watarudi alasiri.

Mize akajilaza, simu kifuani, akamngoja dada yake. Usingizi ukaja pole. Njia ile ile, mchanga ule ule. Kazija anakuja, hana haraka, na begani hana kitu. Akakaa karibu na Mize, juu ya ule mkeka uliooza, nao mzima kabisa. Akazipapasa nyayo mmoja mmoja mpaka akaufikia wa kijani. Akatabasamu lile tabasamu lake la kuuma mdomo.

"Mzuri huu, Mize. Nani kakusukia?"

"Si wako, dada? Si uliubeba mwenyewe?"

Kazija akafungua kinywa ajibu, na muadhini akaadhini alasiri.

Mize akazinduka, akaishika simu. Kisanduku kiko wazi mbele yake. Ndoto hii hakuna mwingine aliyeiota, na asipoisema hakuna atakayeijua. Viatu vya Bi Mboja na vya Raya vinasikika mlangoni. Kidole chake kiko juu ya herufi ya kwanza ya jina la dada yake.

Haya, mmesikia wote. Yuko aliyeota, yuko aliyesuka, yuko aliyepiga picha, na yuko marehemu aliyekuja kuuliza nani kasuka. Upindo ni mwembamba, na jina ni moja tu. Je, nani alistahili kuandikwa?