Ushuru wa Serikali Isiyo Yake

Hasira humwaminisha mtu kwamba anamkomoa mwenziwe, kumbe anajikomoa mwenyewe. Yarow, mfanyabiashara wa mbuzi mjini Kitengela, alilijua hilo akiwa amechelewa.

Miaka yote chama chake kilipokuwa madarakani, Yarow alilipa ushuru wa soko la mifugo kabla hata ya kuulizwa. Mwenzake Parsaoti, shabiki sugu wa upinzani, alinunua mbuzi nje ya ua wa soko ili asitoe hata ndururu, na Yarow akamwita adui wa maendeleo. Uchaguzi wa 2002 ukapindua mambo, upinzani ukashinda. Ilipofika Januari, Parsaoti akawa wa kwanza kulipa langoni, kidevu juu, naye Yarow akahamia nje ya ua. Ushuru wenyewe haukuwa umepanda hata shilingi moja.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, Yarow alitia mtaji wake wote katika mbuzi thelathini wa kupeleka Nairobi. Aliwanunua nje ya ua kwa mchuuzi wa Loitokitok ambaye hata jina lake hakuliuliza. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, na polisi walikuwa wametangaza kwamba hakuna mbuzi atakayevuka kizuizi bila risiti ya soko. Mkewe, Ilwad, alimsihi alipe, lakini Yarow akaziba masikio. Phylis, karani wa ushuru, alimfuata huko huko nje.

"Yarow, hii risiti si ya Rais," akamwambia. "Ni ya mbuzi wako."

"Wacha walipe wale walipigia hii serikali kura," Yarow akajibu. "Mimi siwezi lisha mtu sikuchagua."

Kizuizini lori la Parsaoti lilipita bila neno. La Yarow lilisimamishwa, akatakiwa atoe risiti au amlete aliyemuuzia. Hakuwa na hiki wala kile, na mbuzi wakafungiwa kituoni. Alirudi mbio kwa Phylis, pesa mkononi. Phylis alimhurumia, lakini hangeweza kuandikia risiti mbuzi ambao hawakupita langoni kwake.

Aliyefunga safari ya Loitokitok kumsaka yule mchuuzi ni Parsaoti. Alimpata na mbuzi wakaachiliwa, ila Idi ilikuwa imepita siku mbili. Mbuzi wanne walikuwa wamekufa, waliosalia wamekonda, na Nairobi imeshiba nyama. Yarow aliwauza kwa bei ya kutupa, asiweze kumtazama Parsaoti usoni kwa aibu.

Serikali aliyotaka kuikomoa haikujua hata kwamba ana mbuzi. Hasira ilikuwa yake, na hasara ikawa yake: ndiyo maana husemwa, hasira hasara.