Zimwi la Bakuli la Kunawia

Sogeeni, ila kwanza nionyesheni mikono.

Palikuwa na zimwi dogo kuliko vumbi. Halikuwa na miguu. Lilitembea kwa mikono ya watu. Lilimwingia Bi Mwanakheri utotoni, akapona, na tangu hapo yeye peke yake alilisikia likiimba.

Siku moja msibani, bakuli moja la kunawia likazungushwa mkekani. Zimwi likaimba majini, "Mkono, mdomo, tumbo, wangu wee!" Akanawa mgeni wa kwanza. Likaimba tena. Akanawa wa pili. Likaimba mara ya tatu, na bakuli likamfikia Riziki, mjukuu wake.

Bi Mwanakheri akalipindua. "Usinawe! Na nyie wawili, msiguse chakula!"

"Bibi, unatuaibisha!" wafiwa wakafoka.

Zimwi likaruka na matone, likamwingia Bi Mwanakheri mdomoni. Mwili ukamchemka, akaanguka akitetemeka. Lakini ndani ya damu yake walinzi wakaamka. "Wewe tena? Tunakujua!" Wakalitafuna lote. Jasho likamtoka, akaketi.

"Riziki, lete birika na sabuni. Wamiminie mmoja mmoja."

Yangu yameisha, na wali umeiva. Birika lile pale. Nani anaanza?