Samaki wa Leo, Chumvi Yamtosha

Samaki wa leo, chumvi yamtosha. Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimkatiza Kondo kwa maneno hayo, pale alipokuwa akieleza habari ndefu ya kwa nini hakuonekana kwenye maziko ya jirani. Sasa mnataka kujua samaki ameingiaje katika habari za maziko. Mmeuliza vizuri, maana wengi huusema msemo huu bila kujua ulikotoka. Basi kaeni, niwape chanzo chake.

Katika kijiji cha Kalungwi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwako fundi wa kushona nguo aliyeitwa Songoro. Alikuwa mtu mwema, mkono wake mzuri, lakini alipenda kuonekana. Zamani alikaa mjini akijifunza ushonaji, akarudi na ufundi wake pamoja na mazoea ya kuanza kila habari kwa kusema, "Kule mjini."

Mkewe, Havijawa, alitoka Mtondo, kijiji cha pili ukifuata ufuko. Huyu alipika samaki kama alivyofunzwa na bibi yake. Akichoma, ni chumvi na ndimu. Akichemsha, ni chumvi, nyanya, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Watu walikula kwake wakanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikokuwa sifa.

Siku moja Songoro alipata wageni, mafundi wenzake wa mjini. Havijawa akawachomea kuhe, samaki mnene wa ziwa lile, akawaandalia na ugali wa muhogo. Wageni wakala. Songoro naye akala, upande wake ukabaki mifupa mitupu. Kisha, akinawa mikono, akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Mtusamehe, jamani. Mke wangu huyu samaki wake ni chumvi tupu. Kule mjini kuhe kama huyu angevishwa bizari na tangawizi mpaka asahau kama alitoka majini. Sisi huku twala kama paka."

Wageni walicheka kidogo, cheko la adabu. Havijawa alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akaliweka chini taratibu, akaingia ndani. Wageni walipoaga, naye alitoka na furushi la nguo kichwani, akashika njia ya kwao.

Songoro alidhani mkewe angerudi kabla ya chakula cha jioni. Hakurudi. Kesho yake pia hakurudi. Ndipo akamtuma mjomba wake aende Mtondo akasikilize. Mjomba akarejea na jibu la Bi Kashindi, bibi yake Havijawa, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba ile.

"Bibi anasema hivi," mjomba akaeleza. "Mjukuu wake hakuachwa wala hakufukuzwa. Ametukanwa mbele za watu kwa kazi ya mikono yake. Kwa hiyo wewe uende mwenyewe, upike samaki uani kwao, wote wakitazama. Havijawa akila, mtarudi pamoja. Asipokula, usimtume mtu tena."

"Nipike mimi?"

"Wewe. Nami nilimwambia hujui hata kuchemsha maji. Akasema, 'Mume wangu huyo kwao ni hodari wa kuonja. Aliyejua kuonja atashindwaje kupika?'"

Msishangae bibi kumwita mume. Bibi na mume wa mjukuu ni watani. Lakini utani ule ulikuwa na meno, na Songoro aliyasikia.

Alilala na hofu. Asubuhi hofu ilikuwa bado ipo, ila kando yake kulikuwa na kitu kingine alichokuwa hajawahi kukisikia juu ya jiko: hamu ya kujua. Hivi samaki hupikwaje? Mtu anajuaje kwamba ameiva? Kwa nini wa huyu huvunjika chunguni na wa yule hubaki mzima? Miaka yote ile alikuwa akila asichokijua.

Akaenda mwaloni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, akanunua ngege wadogo wa kujifunzia. Njiani akamuuliza kila aliyekutana naye. Mmoja akamwambia siri ya samaki ni mawese. Wa pili akasema ni bizari. Wa tatu akaapa kwamba bila karanga za kusaga hakuna samaki. Songoro hakutaka kumkosea mtu. Alichukua vyote.

Nyumbani alipara magamba akitokea kichwani kwenda mkiani, kisu kikateleza, gamba halikutoka. Akageuza, akaanzia mkiani, yakatoka yakamrukia mpaka kwenye ndevu. Akafurahi sana kwa ugunduzi ule. Kisha akapasua tumbo kwa nguvu, kama anayekata kitambaa kigumu. Kikachuruzika kimaji cha kijani. Akakipangusa kwa kidole, akaona ni maji ya ziwa tu, akatia samaki chunguni.

Alipoonja, alitema. Uchungu! Akaongeza bizari. Uchungu ukabaki. Akaongeza tangawizi, kisha karanga, kisha mawese mpaka chungu kikawa chekundu kama udongo wa kichuguu, na bado uchungu ulikuwa umekaa chini ukimngoja. Harufu ikavuka ua. Mama Rehani, jirani yake, akachungulia.

"Songoro, kuna harusi humu?"

"Karibu, dada. Hebu nionjee. Sijui kimepungua nini."

Mama Rehani akaonja kwa ncha ya ulimi, akageuka akatema ukutani. "Hakijapungua kitu. Umepasua nyongo."

"Kumbe samaki naye ana nyongo?"

"Mwenye ini hakosi nyongo. Ikishapasuka usipoiosha hapo hapo, huwezi kuifunika kwa kitu. Wewe umeimwagia duka zima, nayo ipo pale pale." Akavuta kigoda, akaketi. "Nipe mwingine nikuonyeshe. Nami sitapika, nitasema tu. Kupika upike wewe."

Akamwonyesha kushika kisu kwa wepesi na kupasua ngozi ya tumbo peke yake, kisha kuingiza kidole na kutoa matumbo yote kwa pamoja, na ile nyongo ikiwa nzima kama tone la kijani lililoshonewa kwenye ini. Akamwambia aondoe matamvua ya shavuni, aoshe mpaka maji yawe meupe, achanje mbavuni, apake chumvi na ndimu, amwache kidogo.

"Kwa nini nimwache?"

"Chumvi iingie. Wewe pasi ukiigusisha nguo mara moja tu, nguo hunyooka?"

Songoro akacheka, mara ya kwanza tangu mkewe aondoke.

Tangu siku ile akawa mwanafunzi. Kazi ya cherehani ikapungua, kazi ya jiko ikaongezeka. Alichemsha kwa moto mkali, samaki akasambaratika akawa uji. Akapunguza kuni, akaona maji yakitetema tu bila kuruka, samaki akatoka mzima. Alichoma kwenye ndimi za moto, nje akawa mkaa na ndani mbichi. Akangoja makaa yafanye majivu juu, akaona mafuta ya samaki yakidondoka polepole na ngozi ikijiachia yenyewe kwenye wavu. Aligundua kwamba kumgeuza mara kwa mara ndiko kunakomvunja. Akagundua na lile lililomstaajabisha kupita yote, kwamba samaki akiiva jicho lake hubadilika likawa jeupe kama punje ya hindi lililochemshwa. Alikuwa akiita majirani waje kulitazama, nao walikuwa wakimtazama yeye.

Siku moja viungo vilikuwa vimemwishia, akachoma ngege kwa chumvi na ndimu tu. Akatia tonge mdomoni. Akaacha kutafuna.

Ladha ile aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiila nyumbani kwake siku zote, akaifuta midomoni na kuicheka. Akakumbuka mifupa mitupu iliyobaki upande wake siku ya wageni. Pale jikoni, peke yake, uso ukamwaka moto kwa aibu.

Kesho yake alifika mwaloni alfajiri. Akachagua kuhe kwa kumtazama: jicho angavu, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Akamfunga kwa majani ya mgomba, akashika njia ya Mtondo. Lakini hofu ni hofu. Kabla ya kutoka kijijini alinunua vifuko vya bizari, tangawizi na karanga, akavitia mkobani, pengine vingehitajika.

Uani alikuta watu wote wameketi. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti cha uvivu, na mawifi wawili wa Havijawa wamejifunika kanga midomoni kuficha kicheko. Bi Kashindi alikaa mkekani. Havijawa alikuwa kizingitini, akichambua mchele, hakuinua uso.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akasema Bi Kashindi. "Jiko lile pale."

Songoro akapiga magoti mbele ya kibao. Akapara kutoka mkiani. Wifi mmoja akaacha kucheka. Akapasua tumbo kwa wepesi, akatoa nyongo nzima na kuiweka kando juu ya jani. Sasa wote wawili hawakuwa wakicheka. Akaosha, akachanja, akapaka chumvi na ndimu, akangoja, akapanga makaa, akamlaza samaki juu ya wavu. Harufu ikaanza kupanda. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule ukamtisha. Akaona samaki yule yuko uchi mno kwa shughuli kubwa kama ile. Mkono wake ukaingia mkobani, ukatoka na kifuko cha bizari.

"Songoro." Ilikuwa sauti ya Havijawa. "Samaki huyo alivuliwa lini?"

"Leo alfajiri."

"Basi unataka kumficha nini?"

Songoro akakitazama kifuko, akakirudisha. Jicho la samaki lilipokuwa jeupe, akamwepua, akamweka kwenye sinia, akalipeleka kizingitini kwa mikono miwili.

Havijawa hakugusa. Alisubiri. Songoro akaelewa kwamba sasa ilikuwa zamu ya maneno, na maneno alikuwa ameyatunga njia nzima.

"Mke wangu," akaanza, "siku ile wageni walikuwa wametoka mbali, nami nilikuwa nimechoka. Na cherehani ilikuwa imenisumbua tangu asubuhi. Halafu unajua, kule mjini utani wa namna ile ni kitu cha kawaida, mtu hachukii, na mimi kwa kweli sikukusudia wewe hasa, nilikuwa naongea tu ili mazungumzo..."

"Songoro," Havijawa akasema, "samaki umempika hivi hivi, nikaona umejifunza. Mbona sasa unamwaga viungo?"

Songoro akafunga mdomo. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye mchanga.

"Nilikuaibisha," akasema. "Chakula kilikuwa kizuri, nami nilijua ni kizuri, nilikimaliza. Nilitaka wale wanione mtu wa mjini. Nimekosa. Nisamehe."

Hakuongeza kitu. Havijawa akanawa, akamega nyama ya mgongoni, akaipeleka karibu na macho.

"Huku kwenye mfupa bado mbichi kidogo," akasema. "Mrudishe."

Wifi mmoja akashindwa, akacheka kwa sauti, na Havijawa naye akaangua kicheko. Songoro akachukua sinia mbio mbio kama mtu aliyepewa zawadi. Akamrudisha samaki juu ya makaa, akamngoja bila kumgeuza-geuza, akamleta tena. Safari hii nyama iliachana na mfupa bila kuvutwa. Havijawa akala tonge la kwanza, akanyamaza. Akala la pili. Alipofika la tatu alisogea kizingitini akampa mumewe nafasi, nao wakala sinia moja, baba mkwe akajifanya anatazama mawingu.

Bi Kashindi alijivuta kutoka mkekani, akamega kipande chake, akakitafuna kwa fizi zake, akaitikia kwa kichwa.

"Samaki wa leo," akasema, "chumvi yamtosha."

Siku ile waliosikia walidhani bibi anasifu chakula. Lakini usiku haujafika mawifi walikuwa wamekwisha kulielewa neno, na kesho yake lilikuwa kisimani, na mwezi ule likafika Kalungwi na vijiji vya mbele. Ikawa mtu akija na udhuru mrefu, huambiwa. Mchumba akisifia mali yake kupita kiasi, huambiwa. Samaki aliyelala ndiye anayehitaji kufunikwa kwa bizari na karanga ili harufu isisikike. Aliyevuliwa asubuhi hana cha kuficha. Na neno la kweli ni vivyo hivyo: lisemwe lilivyo, kwa chumvi yake tu, na anayelisikia atalijua.

Ndiyo maana shangazi yenu hakumgombeza Kondo. Alimwonyesha tu njia fupi. Nanyi mlioniuliza, siku mkikosa na mkatakiwa kusema, kumbukeni fundi yule aliyeketi mchangani: samaki wa leo, chumvi yamtosha.