Bawa la Mwalimu Kanga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wa nyuma mmelala? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao. Mwalimu wao mkongwe alikuwa Ngiri, na fimbo yake ya mpera. Ukichelewa, chwa! Ukicheka, chwa! Ukiuliza swali, chwa! Ndivyo alivyofunzwa yeye, njia nyingine hakuijua. Lakini akitoka tu, darasa linageuka soko.

Siku moja akaja Kanga, katoka chuo cha ualimu juzijuzi. Akapewa darasa la jirani. Wanafunzi wake wanacheka, wanauliza. Miezi michache ikapita; sasa kelele zikizidi, Kanga anainua bawa moja. Kimya, jii!

Ngiri akachungulia dirishani. Wivu ukamkaba. "Kifaranga huyu! Hana hata fimbo!" Na bintiye Mashavu, aliyesoma darasani mwa Ngiri mwenyewe, kila siku nyumbani ni yale yale: "Mwalimu Kanga hivi, Mwalimu Kanga vile." Wee! Wivu ukapanda ghorofa.

Ikatangazwa: Mkaguzi Kongoni anakuja kuchagua mwalimu mkuu.

"Cheo changu hicho," akasema Ngiri. "Kama siri ni kuinua bawa, mimi sina mguu?"

Kanga akamjia. "Shikamoo, mwalimu. Karibu darasani kwangu uone tunavyofanya."

"Marahaba. Yai limfundishe kuku? Nenda zako!"

Kongoni akaja, akaketi nyuma darasani mwa Ngiri. Watoto kuona mgeni, wakaanza kunong'ona. Ngiri akaweka fimbo kando, akatabasamu, akainua mguu juu, polepole, kama Kanga.

Lo! Watoto wale walijua mguu wa Ngiri ukipanda, kinachofuata ni kipigo. "Anapiga!" Puruputu! Hawa chini ya madawati, hawa dirishani, mbio mkuku! Mashavu naye mbio, hadi darasa la jirani, chini ya bawa la Kanga.

Ngiri akamfuata, Kongoni nyuma yake. "Mwanangu, ni mimi, baba."

"Ndiyo maana nimekimbia, baba."

Machozi yakamtoka Ngiri mbele ya mkaguzi. "Mwalimu Kanga, nilikuonea wivu. Nikaiga bawa, sikukuuliza kitu."

"Bawa huja mwisho, mwalimu," akasema Kanga. "Chuoni tulifunzwa kuanza kwa kusikiliza. Sheria za darasa nilizitunga pamoja nao. Akikosa mmoja, namwita kando, namuuliza kilichomsibu. Ilichukua miezi."

Cheo kikaenda kwa Kanga. Na wivu ukamchoma Ngiri tena, siwafichi. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa darasani kwa Kanga, kabanwa kwenye dawati la watoto, magoti yakimgonga kidevu, anajifunza. Mashavu, aliyehamia darasa hilo, akasogea, akampa nafasi.

Basi, wana wangu, na ninyi mlio wazazi: mwenye wivu huiga asichojifunza. Na mtoto anayekuogopa, usidhani amekuheshimu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Jema lichukueni, baya niachieni mwenyewe.