Mti wa Kitovu cha Mkunde

"Tawi zito huanzwa chini." Shangazi yenu amemwambia hivyo Elisante leo, baada ya Elisante kumfokea dada yake mbele ya wageni, na sasa mmenizunguka mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwenye mparachichi, na kwenye aibu ya mtu mzima. Kaeni niwaeleze.

Katika kijiji kimoja cha milimani Upare, mtoto akizaliwa kitovu chake kilizikwa nyuma ya nyumba, na hapohapo ukapandwa mti. Mti huo ulikuwa wake, naye akikua ndiye aliyeutunza. Msichana akiposwa, wakwe walipelekwa kuuona. Wakiukuta umenawiri, walijua msichana ana mkono mwema. Wakiukuta umedhoofu, waliaga mapema.

Senkondo alikuwa na binti mmoja, Mkunde, na mti wa Mkunde ulikuwa mparachichi. Baba alikuwa na kazi nyingi, kubwa kati ya hizo ikiwa kusema. Mkunde alipoposwa, asubuhi ya kuja wakwe Senkondo aliona tawi nene la mti huo limelalia paa la jiko. Akasema linaaibisha nyumba, akachukua msumeno, akapanda. Mkunde alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Baba, tawi hilo ni zito," alisema. "Lianze chini. Likate kidogo upande wa tumboni, ndipo ukate kwa juu. La sivyo litaondoka na gome."

Majirani waliokuja kusaidia kupika walikuwa wanasikiliza, na Senkondo hakutaka kufundishwa mbele yao.

"Tangu lini kifaranga kikamfundisha kuku kuchakura?" alimjibu. "Rudi jikoni."

Wanawake wakacheka. Mkunde akainama, akarudi.

Senkondo akakata kwa juu. Msumeno haujafika katikati, tawi likalemewa na uzito wake, likavunjika na kulivuta gome la upande ule wote mpaka karibu na ardhi. Shina likabaki jeupe. Hakuna aliyecheka tena. Senkondo alishuka akiwa amenywea, akamtazama binti yake mlangoni mara moja tu, kwani mara ya pili hakuiweza.

Mdogo wake Senkondo alimshauri aseme ni upepo. Wakalifunika jeraha kwa majani ya migomba.

Wakwe walifika, wakala, wakaomba kuoneshwa mti. Mama wa kijana akayasogeza majani, akauliza mti umepatwa na nini. Senkondo akafungua mdomo aseme upepo. Hapo akaona kwamba wageni hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wanamtazama Mkunde, mwenye mti, naye alisimama pale ameinamisha uso kama mkosaji. Aibu ilikuwa inakwenda kumkalia asiye na kosa.

Senkondo akaketi chini, kwenye udongo, wageni wote wakiwa wamesimama.

"Ni mimi," alisema. "Mwanangu aliniambia nianzie chini, nikamnyamazisha mbele ya watu. Yeye ameutunza mti huu tangu utoto wake, nami nimeuharibu asubuhi moja. Mkunde, mwanangu, nisamehe."

Baba kumwomba mtoto radhi hadharani lilikuwa jambo geni pale, na watu hawakujua watazame wapi. Mama wa kijana alimwangalia Senkondo pale alipoketi.

"Sasa umeanzia chini, baba Mkunde," alisema taratibu.

Posa ilipokelewa. Lakini lile jeraha halikuwahi kufunga sawasawa, na kila mgeni aliyepita aliuliza. Kila mara Senkondo alisimulia upya, macho yake chini, hata alipokuwa mzee wa kushikwa mkono. Ndivyo maneno yale yalivyoenea kijijini, kisha yakatufikia sisi.

Haya, Elisante. Dada yako yuko uani, analia, na najua nawe una lako zito la kumwambia. Nenda. Ila usianze na kosa lake, anza na lako. Tawi zito huanzwa chini.